Majira ya Siberia Yanasomeka Kwenye Tope la Rufiji

Anayetaka kujua majira ya joto ya mwaka huu yalikwendaje kaskazini kabisa mwa Siberia anaweza kupata jibu wilayani Kibiti, kwenye delta ya mto Rufiji. Asubiri Oktoba au Novemba, siku za bamvua, apande boti Nyamisati na kushuka na mkondo hadi karibu na mlango wa Simba Uranga. Maji yakishakupwa, tope litakuwa wazi kwa mamia ya mita, na juu yake vitwitwi wadogo wa kijivu wenye midomo mirefu iliyopinda kidogo kuelekea chini, wakitembea harakaharaka na kuchoma tope bila kupumzika. Wataalamu humwita Calidris ferruginea. Kwa darubini nzuri na subira, inawezekana kuwatenganisha wakubwa na makinda. Mkubwa yumo katikati ya kubadilisha manyoya ya mabawa, kwa hiyo akiruka bawa lake huonekana limepungukiwa hapa na pale. Kinda ana mabawa mapya, yamekamilika, na mgongo wenye magamba kwa sababu kila unyoya una ukingo mweupe. Kifua chake kina rangi ya kahawia iliyofifia.

Kundi likiwa na makinda wengi, mambo yalikuwa mazuri Siberia. Kundi likiwa na wazee watupu, yalikuwa mabaya. Hivyo ndivyo watafiti wa Afrika Kusini, waliokuwa wakinasa ndege hawa kwenye fukwe zao na kuhesabu makinda mwaka hadi mwaka, walivyogundua kwamba idadi hiyo ilipanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka mitatu. Sababu ya mzunguko huo haikuwa Afrika. Ilikuwa kwenye rasi ya Taymyr, kilomita zipatazo 10,000 kutoka Kibiti kwa mstari ulionyooka, na ilihusu panya.

Panya hao wanaitwa lemingi. Wanaishi kwenye tundra, ile nchi tambarare isiyo na miti ambako udongo wa chini haujayeyuka tangu enzi na enzi. Lemingi huzaana hata wakati wa baridi kali, chini ya theluji, ambako kuna nafasi ndogo kati ya ardhi na tabaka la juu lililoganda. Kila baada ya miaka mitatu au minne huwa wengi kupita kiasi, kisha idadi yao huporomoka. Mwaka wa wingi, mbweha wa Aktiki na bundi weupe hushiba lemingi na hawahangaiki kutafuta kitu kingine. Mwaka unaofuata lemingi wameisha, lakini watoto wa mbweha waliozaliwa katika shibe wapo, na wana njaa. Chakula kinachobaki ni mayai na vifaranga vya ndege wanaotaga chini. Kitwitwi wetu hutaga mayai manne kwenye kishimo kidogo katikati ya nyasi, bila ulinzi wowote zaidi ya rangi yake inayofanana na ardhi. Dume huondoka mapema, jike hulalia mayai na kulea peke yake.

Kwa hiyo idadi ya makinda wanaotua kwenye fungu la mchanga mbele ya Simba Uranga huamuliwa na shibe ya mbweha ambaye hakuna mtu wa Kibiti atakayemwona maisha yake yote.

Mpango huu umedumu maelfu ya miaka, na ndege waliuzoea. Mwaka mmoja mbaya, mmoja wa kati, mmoja mzuri. Sasa mpango wenyewe unalegea. Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Mwezi Juni 2020, mji wa Verkhoyansk ulioko Siberia, maarufu kwa baridi, ulifikia nyuzijoto 38, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likathibitisha kipimo hicho kuwa rekodi ya juu kabisa ya Aktiki. Lakini joto la Juni peke yake si tatizo kubwa kuliko yote. Lililo baya zaidi ni mvua kunyesha katikati ya majira ya baridi. Mvua hiyo hupenya kwenye theluji, kisha huganda, na ardhi hufunikwa na barafu ngumu. Novemba 2013, kwenye rasi ya Yamal iliyo magharibi mwa Taymyr, mvua ya namna hiyo ilifungia malisho ya kulungu wanaofugwa na wachungaji wa Kinenetsi, na kulungu wapatao 61,000 wakafa kwa njaa. Kama kulungu mwenye kwato anashindwa kuivunja barafu, lemingi ataweza wapi? Kule Norway vilele vya idadi ya lemingi vilikoma kuonekana baada ya mwaka 1994, na watafiti walihusisha jambo hilo na theluji iliyobadilika, yenye unyevu na inayoganda vibaya. Mwaka wa wingi ukikosekana, mwaka mzuri wa vitwitwi unakosekana pia.

Kuna jambo la pili, na hili linawahusu vifaranga wenyewe. Kifaranga wa kitwitwi hatiliwi chakula mdomoni. Siku anayoanguliwa anaanza kutembea na kujitafutia wadudu, na ana wiki chache tu za kukua hadi aweze kuruka. Wadudu wa tundra hutoka kwa wingi kwa muda mfupi baada ya theluji kuyeyuka. Theluji ikiwahi kuyeyuka, wadudu huwahi; lakini mama aliyekuwa Afrika mwezi Aprili hana namna ya kujua kwamba mwaka huu theluji imewahi. Hufika tarehe zile zile za mababu zake, hutaga, na vifaranga hutoka wadudu wakiwa wameanza kupungua.

Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha jambo hili linavyoweza kufika hadi Afrika. Ulihusu ndugu mkubwa wa kitwitwi wetu, Calidris canutus, ambaye huzaliana Taymyr pia lakini hukaa Mauritania, kwenye ghuba ya Banc d'Arguin, badala ya kuja mashariki. Theluji ya Taymyr ilikuwa ikiyeyuka mapema kwa takriban nusu siku kila mwaka kwa zaidi ya miaka 30. Makinda waliozaliwa miaka ya joto walikuwa wadogo wa umbo na wafupi wa mdomo. Walipofika Mauritania, chaza waliowafaa walikuwa wamejizika chini zaidi ya urefu wa midomo yao. Ikawabidi wale mizizi ya nyasi za bahari, na wengi hawakuuona mwaka uliofuata. Ninaona utafiti huu ni muhimu kuliko mwingine wowote kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu unaonyesha kwamba madhara ya joto la kaskazini yalilipwa kusini, kwenye tope la Afrika. Kinda hakufia Siberia.

Oktoba 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza upya hali ya ndege kadhaa wahamaji wa pwani. Kitwitwi wetu alihamishiwa kundi la walio hatarini. Na kitwitwi wa kijivu mwenye kwapa jeusi, yule mkubwa anayesimama peke yake kwenye tope huku wengine wakikimbiakimbia, naye akaingizwa humo humo. Wote wawili ni wageni wa kawaida wa delta ya Rufiji.

Hapa ndipo watu wengi huinua mikono. Husema: sasa sisi tufanye nini? Moshi unaochemsha Aktiki haukutoka vijiji vya delta, Mbwera wala Kiomboni. Ni kweli haukutoka huko. Lakini kuishia hapo ni kushindwa kufanya hesabu ya maisha ya ndege huyu.

Kitwitwi wa aina hii hukaa tundra takriban miezi miwili tu. Hufika kwetu kuanzia mwisho wa Agosti, kusi likielekea kuisha, na huondoka Aprili au mwanzo wa Mei, masika yakiwa yamekwisha shika. Makinda wengi hawaondoki kabisa mwaka wao wa kwanza. Hubaki hapa hadi mwaka wa pili. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya maisha yake anaiishi Afrika. Tena si ndege wa kufa upesi. Ana gramu 50 au 60 tu, lakini wapo waliovalishwa pete wakaonekana tena baada ya zaidi ya miaka 15. Ndege wa namna hii hasimami kwa kuzaa sana kila mwaka. Anasimama kwa kuishi muda mrefu, ili apate miaka mizuri michache katika umri wake. Miaka mizuri ikipungua kule kaskazini, kila mwaka ambao mzee mmoja anaishi unakuwa na thamani zaidi, maana huenda mwaka unaokuja ndio wenye lemingi. Na kuishi au kufa kwa mzee huyo kunaamuliwa kwa kiasi kikubwa hapa, miezi ile minane, na chakula anachokipata kwenye tope.

Kwa maneno mengine, kadiri Siberia inavyoharibika, ndivyo tope la Rufiji linavyozidi kuwa na uzito.

Tuliangalie tope lenyewe. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ulio mkubwa kuliko mwingine wowote uliosimama pamoja katika Afrika Mashariki. Mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, mlilana, msikundazi: yote ipo, kila mmoja na sehemu yake kulingana na chumvi na urefu wa maji. Mbele ya mikoko, upande wa bahari, ndiko kuna tambarare za tope na mafungu ya mchanga yanayofunguka maji yakipwa. Ndege hufuata maji, si saa. Maji yakipwa saa nane za usiku, vitwitwi wanakula saa nane za usiku, wakipapasa kwa ncha ya mdomo wenye mishipa ya fahamu inayotambua mnyoo usioonekana. Maji yakijaa husongamana kwenye fungu ambalo bado halijafunikwa na kusubiri. Mvuvi anayepita na mtumbwi karibu mno akawarusha mara mbili tatu amewapotezea nguvu ambazo wangehitaji kuzirudisha kwa kula zaidi. Ifikapo Machi hitaji hilo huwa kubwa kupita miezi yote: ndege lazima ajaze mafuta hadi uzito wake uongezeke sana ndipo aweze kuruka maelfu ya kilomita bila kutua mara nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 2000, wakati wa Mradi wa Usimamizi wa Mazingira Rufiji ulioendeshwa na serikali pamoja na IUCN, wahesabuji walipita kwenye bonde la mafuriko, delta na mlango wa bahari wa Mafia, wakapata ndege wa maji wapatao 40,000 wa aina zaidi ya 60. Si wote walitoka baridini. Yule ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye delta ni moja ya sehemu zake muhimu, huzaliana kwenye visiwa vya Ghuba na Oman, akichimba mashimo mchangani. Njia yake ni ile ile ya majahazi yaliyobeba boriti za Rufiji kwenda kujengea nyumba za Uarabuni. Lakini vitwitwi wadogo, sululu, na wengi wa wale wanaojaza mafungu, ni watu wa kaskazini. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 597,000, liliandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu.

Tope halikai lenyewe. Bahari hulila kila siku, na mto hulirudisha. Mto Rufiji unaundwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji. Mito yote mitatu huwa imeshakutana kabla ya kufika korongo la Stiegler, na korongo hilo ndilo lenye ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024. Siandiki haya kwa nia ya kulipinga bwawa. Limejengwa, nchi inauhitaji umeme, na mjadala wa lijengwe au lisijengwe umepitwa na wakati. Lakini fizikia ya bwawa haibadiliki kwa sababu tunalihitaji: maji yakituama, mchanga na sehemu kubwa ya udongo hutua chini. Maji yanayotoka upande wa pili yametakata, na maji yaliyotakata hayajengi tope.

Tumeona kwingine. Bwawa la Aswan lilipozuia udongo wa Nile, fukwe za delta ya Misri karibu na Rosetta zilianza kuliwa na bahari. Ghana ilijenga Akosombo, na mji wa Keta ukazidi kupoteza nyumba kwa mawimbi. Jirani zaidi, Msumbiji, bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa mwaka 1974, na watafiti wameonyesha kwamba kamba wanaovuliwa kwenye maji ya Sofala hutegemea mafuriko ya Zambezi ya msimu wa mvua, yale ambayo bwawa limeyapunguza. Mfano huu wa mwisho ndio wa kuuzingatia Kibiti. Sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania hutoka delta ya Rufiji, na kamba mchanga hukulia mikokoni na kwenye tope lile lile analochoma kitwitwi. Kaa ni hivyo hivyo. Mtu anayedhani nawatetea ndege dhidi ya watu wa Salale au Mfisini hajafika akaona wanawake na vijana wakiingia topeni maji yakipwa. Ndege na wavuvi wanalisha familia zao kutoka sahani moja.

Kuhusu mikoko inayofyekwa kwa ajili ya mpunga, nitasema kidogo. Tangu mafuriko ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia kaskazini mwa delta, chumvi ikasukumwa nje, na ardhi iliyokuwa ya mikoko ikaweza kubeba mpunga. Watu wakalima, kwa sababu wanakula. Amri za kuwaondoa zimetolewa mara kwa mara na hazijawahi kulimaliza jambo hili. Ni suala la ardhi na riziki, linahitaji safu yake. Kwa vitwitwi athari yake si ya moja kwa moja kama ya udongo kukosekana, ingawa mizizi ya mikoko ndiyo inayoshika udongo usisombwe.

Wanaodhani ndege watahamia tu tope lingine waangalie Bahari ya Njano, kati ya China na Korea. Vitwitwi wa aina hii hii wanaopita njia ya mashariki kwenda Australia walitegemea tambarare za tope za huko kujaza mafuta. Katika nusu karne hadi asilimia 65 ya tope hilo liliondoka, sehemu kubwa ikijazwa kifusi kwa ajili ya viwanda, bandari na mashamba. Ndege hawakuhamia kwingine. Walipungua, na mwaka 2015 Australia ikawaorodhesha miongoni mwa walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. China yenyewe ilistuka na mwaka 2018 ikazuia ujazaji mwingi wa kibiashara wa pwani. Tope lililokwisha kujengewa, hata hivyo, halikurudi.

Sisi hatujafikia huko. Tope la Rufiji lipo. Tunachokosa ni vitu viwili, na vyote viko ndani ya uwezo wetu.

Cha kwanza ni hesabu ya kila mwaka. Duniani kote ndege wa maji huhesabiwa Januari, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wahamaji wa Afrika, Ulaya na Asia, AEWA, tangu ulipoanza kutumika mwaka 1999. Hesabu moja kubwa ya mwaka 2000 ni picha moja tu; haisemi ndege wanaongezeka au wanapungua. Nashauri vituo vichache visivyobadilika, viwili kaskazini mwa delta na viwili kusini, vihesabiwe kila Januari siku za bamvua, na makinda wahesabiwe kila Novemba. Wahesabuji wawe vijana wa vijiji vya delta, wanaojua maji yanakupwa saa ngapi na fungu gani limehama tangu mwaka jana. Wafundishwe na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, au vyuo vyetu vikuu na walipwe. Hesabu ya makinda itawafaa hata watafiti wa Taymyr, maana itawapa jibu la msimu wao kutoka upande ambao hawana macho.

Cha pili ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba sehemu ya maji ya mto lazima iachwe kwa ajili ya mazingira. Bwawa lenye ukubwa huu linaweza kuendeshwa kwa njia nyingi, na mojawapo ni kuachia mafuriko ya wastani wakati wa masika, kwa taarifa ya mapema kwa wakulima wa bondeni, ili udongo uliobaki kwenye bonde la chini ufike baharini na kamba wapate ishara yao ya msimu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoharibu mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, najua neno mafuriko linawatia watu hofu, na wana haki. Ndiyo maana taarifa ni lazima iwe wazi na itolewe mapema, kijiji kwa kijiji. Upimaji wa kina cha tope kwenye milango ya mto uanze sasa, kabla ya miaka kumi kupita na mtu kuuliza fungu fulani lilikwenda wapi.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na shirika la umeme, TANESCO, wanaoendesha bwawa watangaze hadharani, kwa Kiswahili, kiasi cha maji kinachoachiwa mwezi kwa mwezi na kiasi kilichotengwa kwa ajili ya delta. Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti iwe ya kwanza kudai takwimu hizo.